Mkebe Uliobaki Kwenye Koti la Mtungi

Maiti ya Elkana Nyakundi ilikuwa imelala kifudifudi chini ya mtungi mkubwa wa kiwanda, mkono wa kulia umenyooshwa mbele kama wa mtu anayeomba kitu. Sakafu ya saruji ilikuwa imeoshwa, lakini harufu ilikuwa bado ipo. Ilikuwa harufu kali, ya kukwaruza koo.

Inspekta Priscilla Maroa alichuchumaa taratibu, kwa sababu magoti yake hayakupenda tena haraka. Alikuja kutoka ofisi ya upelelezi ya Migori asubuhi hiyo ya Jumamosi, mara tu habari zilipofika. Alitazama shingo, mgongo, mikono. Asidi ilikuwa imekula shati na ngozi pamoja. Kisha akaona kwamba miguu ya marehemu ilikuwa imefunikwa kwa koti kuukuu la mvua, lililokunjwa pembeni vizuri kama blanketi la mtoto.

"Nani alimfunika?"

"Ni mimi, Afande." Mlinzi wa lango, Mniko, alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi. "Miguu ndiyo ilibaki mizima. Nikaona si vizuri nzi waichezee."

"Unajua umeharibu eneo la tukio?" Sajini Gumbo alimkemea.

"Wacha, Sajini," Inspekta akasema. "Mzee, umefanya jambo la utu. Lakini usiguse kingine."

Kando ya maiti kulikuwa na gunia. Gumbo alilifungua kwa glavu. Ndani mlikuwa na mabati ya alumini yanayong'aa, yamekunjwa, pamoja na vipande vya pamba ya mawe, ile inayowasha ngozi.

"Ushahidi si huo?" sauti ikatoka nyuma yao. "Nasikitika kusema, lakini mtu wetu alikuwa anaiba."

Aliyesema alikuwa Injinia Kerosi, msimamizi wa kiwanda. Alikuwa mwanamume mrefu, nadhifu, suruali imepigwa pasi hata siku ya msiba. Mwenye kiwanda aliishi Nairobi. Hapa Macalder, neno la Kerosi ndilo lililokuwa la mwisho.

"Tuanze na huu," Inspekta akasema, akiuonyesha mtungi uliosimama juu ya vichwa vyao kama ng'ombe aliyenona. "Nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

Kerosi akatabasamu kidogo. Kazi yake aliipenda, hilo lilionekana. Alisema kwamba mchanga uliotupwa zamani na mgodi ulikuwa bado na dhahabu, ila imejificha ndani ya mawe. Ili iachie, mchanga huchemshwa kwa asidi na mvuke, mtungi umefungwa kabisa, kwa shinikizo kubwa. Asidi ya namna hiyo hula chuma cha kawaida kama mchwa wanavyokula mbao. Kwa hiyo mtungi ulitengenezwa kwa titani, madini ghali yasiyoogopa asidi, ukaletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Juu ya titani ulivikwa koti la pamba ya mawe, kisha mabati ya alumini, joto lisitoke na mtu asiungue.

"Watu hapa wanauita Sufuria," Kerosi akamaliza.

"Na hayo mabati ndiyo aliyokuwa akiyaiba?"

"Wauza samaki wa Homa Bay wanayatafuta sana. Wanatengeneza masanduku ya barafu. Mabati yamekuwa yakipungua hapa, Afande. Jana niliwapa watu wote ruhusa, kwa sababu mtungi ulikuwa umezimwa tangu Alhamisi kwa kusafishwa. Naona alirudi kisirisiri. Akavua koti la mtungi huko chini, akalegeza kifuniko cha bomba bila kujua, na asidi iliyobaki ikammwagikia."

"Ilikuwa ya moto?"

"Ya baridi. Mtungi ulikuwa baridi kabisa. Hata mtoto angelala juu yake."

"Hakuna aliyeweza kuuwasha?"

Kerosi alivuta uzi shingoni, akatoa ufunguo. "Boila inayotoa mvuke haiwaki bila huu. Ni mmoja tu, na hautoki hapa."

"Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Nilitoka adhuhuri. Jua lilipotua nilikuwa kanisani, nafungua Sabato. Mimi ndiye kiongozi wa nyimbo. Kanisa zima litakuambia."

Inspekta aliandika. Kisha akamgeukia Mniko. "Na wewe mlinzi, jana ulikuwa wapi?"

"Isebania, Afande. Mazishi ya shangazi. Injinia mwenyewe aliniambia niende, hata sikuwa nimeomba. Nimerudi leo asubuhi ndio nikamkuta Nyakundi hivi."

"Hata hukuomba?"

"Sikuomba. Alisikia tu nina msiba. Akasema, nenda mzee, ukazike mtu wako."

Lilikuwa jambo jema. Inspekta Maroa alikuwa na tabia ya kuyaweka moyoni mambo mema anayoyaona kwa watu, kwa kuwa katika kazi yake yalikuwa machache. Lakini hili lilimkaa vibaya, kama mfupa mdogo wa samaki uliokwama njiani. Hakujua kwa nini.

*

Nyumba ya Nyakundi ilikuwa ya kupanga, mwendo mfupi kutoka kiwandani. Wanawake wachache walikuwa uani. Walipoona polisi walisogea, wengine wakaondoka kabisa.

Bathsheba, mjane, alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa. Msichana wake Bitutu, wa kama miaka tisa, alimlalia begani.

"Pole sana, Mama Bitutu," Inspekta akasema, akaketi chini naye, sare na yote.

"Asante, Afande."

"Nitakuuliza maswali. Ukichoka, uniambie."

"Niulize." Mama alikuwa hana machozi tena. "Lakini kwanza nikuulize mimi. Ni kweli alikuwa na mabati?"

"Kulikuwa na gunia kando yake."

Bitutu akainua kichwa. "Wasichana kisimani wamesema baba ni mwizi wa mabati. Wamesema alichomwa na Mungu."

"Nyamaza, mtoto," mama akasema kwa upole. Kisha, kwa Inspekta: "Mzee wa kanisa amekuja. Ananipenda, si mtu mbaya. Lakini amesema kama ni wizi, tena Sabato ikikaribia, hawezi kumzika kwa nyimbo. Tutamzika kimya kimya Alhamisi, kama paka. Afande, mimi sitaki kitu kingine. Sitaki fidia. Nataka mume wangu azikwe akiwa mtu safi."

"Alitoka hapa saa ngapi jana?"

"Asubuhi. Alisema Kerosi amemwita, kuna kazi ndogo kwa Sufuria."

Gumbo aliacha kuandika. Inspekta hakugeuka.

"Alimtaja Kerosi?"

"Si ni ndugu yake wa kanisani? Ndiye alimtoa Kisii akampa kazi. Nani mwingine angemwita?"

"Alibeba nini?"

"Mkebe wake tu. Mkebe wa mafuta ya Kimbo, ule mkubwa, nimeufunga kwa kitambaa cha maua." Bathsheba akamshika Inspekta mkono kwa mara ya kwanza. "Mkiupata mniletee. Ni kitu kidogo, najua mna kazi nyingi. Lakini ni wake."

Katika vitu vilivyookotwa na polisi kiwandani, hapakuwa na mkebe.

*

Kerosi alikana kwa utulivu. Hakumwita mtu. Labda marehemu alimdanganya mkewe, wanaume hufanya hivyo. Ilikuwa neno la mtu aliye hai dhidi ya neno la maiti.

Jumatatu, Inspekta na Gumbo walikuwa Homa Bay kushuhudia uchunguzi wa maiti. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache.

"Asidi imemuua. Imeingia machoni, mdomoni, mapafuni."

"Ilikuwa ya moto au ya baridi?"

Daktari akavua glavu. "Afande, asidi kali ikikaa juu ya mwili usiku mzima hufuta alama zote. Siwezi kuapa mahakamani kwa moto wala kwa baridi. Samahani."

Walitoka nje. Gumbo akavuta pumzi ndefu. "Basi Injinia ametushinda."

"Bado. Alisema mabati yanauzwa kwa wauza samaki. Twende tukawaone hao wanunuzi. Kama Nyakundi ni mwizi, kuna mtu hapa anayeujua uso wake."

Kwenye gati la samaki, sanduku moja tu lilikuwa likimeremeta kama kioo. Lilikuwa la Leonida, mama mnene aliyekuwa akipanga samaki aina ya mbuta kutoka kisiwa cha Mfangano juu ya barafu. Gumbo alimwamkia kwa Kijaluo, naye akajibu kwa Kiswahili akimtazama Inspekta.

"Sajini, ukitaka mbuta sema mbuta. Usinizungushe na salamu tamu."

"Nataka sanduku."

"Sanduku haliuzwi. Hilo ndilo mume wangu wa pili."

"Mama," Inspekta akasema, "haya mabati na hii pamba ulitoa wapi? Mtu amekufa."

Uso wa Leonida ulibadilika. Akaweka samaki chini, akafuta mikono. "Wuololo. Amekufa nani?"

Inspekta alimwonyesha picha ya kitambulisho cha Nyakundi.

"Huyu simjui kabisa. Haki ya Mungu. Mimi nilitengenezewa na Wangwe, yule wa kuchomelea, pale nyuma. Nilikuwa nampa samaki watoto wake wakiwa wagonjwa. Akaniambia, mama, nimepata kitu cha kuhifadhi baridi, wacha nikushukuru."

Wangwe alikuwa kwenye kibanda chake akichomelea tangi la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, la kiwanda cha samaki. Alipoona polisi alizima moto, akavua miwani myeusi. 

"Mabati umepata kwa nani?"

"Kwa mkubwa wa kiwanda cha Macalder. Kerosi. Alinipa kama shukrani. Sikuiba, Afande."

"Shukrani ya nini?"

Wangwe alitazama pembeni.

"Wangwe, kuna mjane kule Macalder. Anaambiwa mume wake alikufa akiiba mabati kama hayo uliyopewa wewe. Sema."

"Alikuja kunichukua na pikapu mwezi uliopita. Akasema ni kazi ndogo, na nisiitangaze. Ile Sufuria yao, hapo chini kuna shingo ya bomba. Ilikuwa imepasuka. Alisema mnyororo wa kuinulia mizigo uliponyoka mkononi mwake, chuma kikaangukia hapo. Akataka nichomelee."

"Ukachomelea."

"Nilichomelea kama ninavyochomelea stenlesi. Mimi hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Lakini ile si stenlesi, Afande. Mshono ulipopoa ulitoka na rangi ya buluu, halafu ukawa kijivu kama jivu. Nikagonga kwa nyundo kidogo, ukalia vibaya. Nikamwambia, injinia, hii kitu imekauka, itapasuka kama chungu. Inataka gesi yake, inataka fundi wake. Usiipe presha."

"Akasemaje?"

"Akasema, we funga mdomo. Akaivika koti mwenyewe juu ya mshono wangu. Hakuna mtu angeona." Wangwe akajifuta jasho. "Ningesema. Kila siku nilijiambia kesho nitasema."

Inspekta hakumkaripia. Alimwambia aandikishe taarifa kwa Sajini, na aseme yote, hata yale yanayomtia aibu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufikiri.

Sasa alikuwa na siri ya Kerosi. Lakini bado hakuwa na ushahidi wa siku ya Ijumaa. Wakili yeyote angesema: ndiyo, mshono ulikuwa mbaya, na ndiyo, marehemu aliingia kuiba, mtungi ukiwa baridi. Nyakundi angebaki mwizi tu.

*

Jumanne walirudi Macalder. Kerosi alikuwa ofisini akizungumza na simu. Inspekta hakwenda kwake. Alikwenda langoni, akakaa kwenye benchi la Mniko.

"Mzee, Nyakundi alikuwa akibeba mkebe kila siku?"

Mniko alitazama upande wa ofisi. "Kila siku."

"Aliuweka wapi?"

Mniko akaizungusha kofia mkononi.

"Mzee Mniko. Wewe ulimfunika miguu."

Mlinzi akasogea karibu. "Afande, ukimwambia bwana mkubwa, wote wanafukuzwa kazi. Ni marufuku."

"Marufuku nini?"

"Pale juu, upande wa nyuma, ngazi inapoishia. Vijana walilegeza mkanda mmoja wa koti. Kuna nafasi kama mfuko. Mtu anaweka mkebe wake katikati ya koti na mtungi, chakula kinaiva au kinakaa moto. Hata mimi nikiwa zamu, Nyakundi alikuwa ananiwekea viazi vyangu. Siku ya Ijumaa ndiyo wanajaza sana, hawa Wasabato. Unajua hawawashi moto Sabato. Wanaleta mahindi asubuhi, Sufuria inapika, kabla jua lizame wanabeba nyumbani, chakula cha Jumamosi tayari."

"Kerosi ni Msabato. Hajui?"

"Yeye anakula meza ya wakubwa. Nani angemwambia? Angekata mkanda."

Inspekta Maroa aliinuka. Safari hii magoti hayakumwuma.

Alimwita Kerosi aje ashuhudie. Gumbo akapanda ngazi, akapapasa mgongo wa mtungi mpaka akaupata mkanda uliolegea. Akainua bati, akaingiza mkono mpaka begani.

"Kuna kitu."

Akautoa mkebe wa Kimbo, umefungwa kwa kitambaa cha maua.

Kerosi akarudi nyuma hatua moja.

Inspekta alivaa glavu, akakifungua kitambaa kwa utaratibu wa mtu anayemfungua mtoto nepi. Ndani yake mlikuwa na vijiko viwili. Akafungua kifuniko. Harufu ya uchachu ikapanda. Yalikuwa mahindi na maharagwe, yamekaa siku kadhaa. Akachukua punje moja ya hindi, akaibana kwa vidole. Ikapondeka kama kiazi. Akachukua haragwe. Lilikuwa limepasuka na kuachia maganda.

Alikuwa amepika chakula hiki tangu akiwa msichana. Mahindi makavu hayaivi kwa kuombwa. Yanataka moto wa kweli, tena wa muda mrefu.

"Sajini, piga picha. Halafu vueni koti lote la huku chini."

Mabati yalivuliwa. Pamba mpya ilitolewa. Shingo ya bomba ikaonekana, ya kijivu kama jivu kama alivyosema Wangwe, na katikati ya mshono mpasuko uliofunguka kama mdomo.

*

Jumatano, katika kituo cha polisi cha Migori, mkebe uliwekwa katikati ya meza, ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Injinia Kerosi, unashukiwa kumuua Elkana Nyakundi. Si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumiwa kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Ilikuwa ajali."

"Mtungi ulikuwa baridi Ijumaa?"

"Nimekwisha kusema."

"Na boila haiwaki bila ufunguo wako."

"Ndiyo."

"Bathsheba aliweka mahindi makavu, maharagwe na maji kwenye mkebe huu Ijumaa asubuhi. Hakuyaloweka, hakuyachemsha. Tumeyakuta yameiva. Niambie, Injinia, yaliivia wapi?"

Kerosi aliunyoosha ukosi wa shati lake.

"Mwizi anayeingia kisirisiri kwenye mtungi wa baridi habebi mahindi makavu ya kupika. Nyakundi alijua mtungi utakuwa moto. Alijua kwa sababu wewe ulimwita na kumwambia."

"Huwezi kunitia kamba kwa sababu ya maharagwe."

"Labda. Nina Wangwe pia. Nina mpasuko. Nina mlinzi uliyempeleka mazishini bila kuombwa. Hilo lilinisumbua sana. Kila nilipolitazama lilikuwa jema, na kila mara lilikuwa linanuka."

Kerosi alikunja mikono. Bado alikuwa nadhifu. Inspekta akasogeza mfuko karibu naye.

"Hukuuliza kuhusu vijiko."

"Vijiko gani?"

"Hivi. Ni viwili. Mimi pia nilijiuliza, mtu mmoja anakula vipi kwa vijiko viwili? Jana jioni nilimwuliza Bathsheba. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Alisema mkeo ameenda Kisii kujifungua. Alisema, yule ni mwanamume peke yake, Sabato haruhusiwi kuwasha moto, atashinda njaa. Kwa hiyo akaongeza kipimo. Akamwambia mumewe: mkimaliza kazi, umgawie Kerosi chake kabla jua halijazama. Kijiko cha pili ni chako."

Gumbo alisimamisha kalamu. Nje, mtu alikuwa akicheka na askari wa zamu, kisha kicheko kikaisha.

Kerosi alikinyooshea mkono kijiko, akagusa plastiki ya mfuko, akaurudisha haraka.

"Hakuniambia," akasema. "Elkana hakuniambia."

"Ulimpa nafasi ya kukuambia?"

Ndipo mabega yaliposhuka. Alisema bila kuinua kichwa, na Gumbo akaandika.

"Mzungu aliyenikabidhi ule mtungi aliniambia mbele ya watu wote: nakuachia, lakini mwaka hautaisha hamjauharibu. Niliapa moyoni. Nikaulinda kama mtoto. Halafu siku moja, kwa haraka yangu mwenyewe, mnyororo ukaniponyoka. Mimi mwenyewe, si fundi mwingine. Ningesema nini? Mtungi mwingine kama huo si wa kununua sokoni. Kiwanda kingefungwa, na wangesema, si tulijua?"

"Ukamleta Wangwe."

"Nikamleta Wangwe. Wiki hii alikuwa anakuja mtu wa bima kuukagua. Nikataka kuujaribu kwanza, faraghani. Lakini mtu mmoja hawezi kuuendesha. Nikamwita Elkana kwa sababu namwamini."

"Ikawaje?"

"Mtungi ulikwenda vizuri tangu asubuhi. Mchana akasikia sauti. Ana sikio, yule. Akavua bati akaona unyevu, akaona mshono. Akaniuliza nani amefanya hii. Nikamwambia kweli. Nikamwomba, Elkana, ndugu yangu, nyamaza. Ukaguzi upite, nitatafuta njia. Akasema hapana. Akasema zamu ya usiku wanasimama pale chini na watoto wao wako nyumbani. Hakunigombeza. Akasema, twende tukamwambie mwenye kiwanda pamoja, mimi nitasimama nawe."

 Inspekta alimmiminia maji kwenye kikombe. Hakuyanywa.

"Akaniambia, zima mvuke, toa presha, niingie chini nitazame ni kubwa kiasi gani. Nilikuwa kwenye vali ya mvuke. Akaingia. Akauliza, umezima? Nikasema nimezima."

"Ulikuwa umezima?"

"Hapana."

"Ulifanya nini?"

"Nilifungua zaidi."

Gumbo akageuza ukurasa.

"Halafu?"

"Nilizima. Nikaosha sakafu. Nikalegeza kifuniko cha bomba, nikaleta gunia, nikavika koti jipya mahali pale. Huko juu sikwenda. Jua lilikuwa linazama, Afande. Nilikuwa na hofu nitachelewa kufungua Sabato."

Inspekta Maroa alikuwa amesikia mengi katika chumba kile. Hilo lilimfanya afumbe macho.

"Ukaenda ukaimba."

"Nikaenda nikaimba. Kesho yake sikula kitu. Watu wakaniuliza, nikawaambia nimefunga."

"Chakula chako kilikuwa kwenye mtungi," Inspekta akasema. "Kilikuwa kimeiva."

Kerosi akaweka paji la uso juu ya meza, na hapo ndipo alipolia.

*

Alhamisi walimzika Nyakundi. Mzee wa kanisa alikuja mapema, akasimama mbele ya watu wote, akasema kwamba yeye binafsi alikosea, na kwamba marehemu hakuwa mwizi bali aliuawa kwa kuwalinda wenzake. Kisha akaanzisha wimbo. Vijana wa zamu ya usiku ndio waliolibeba jeneza. Mniko aliimba kwa Kikuria maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, na hakuna aliyemkataza.

Wale wasichana wa kisimani walimpisha Bitutu asimame mbele, karibu na mama yake.

Watu walipotawanyika, Bathsheba alimsindikiza Inspekta hadi kwenye gari.

"Asante, Afande. Amekwenda safi."

"Alikuwa safi tangu mwanzo, Mama Bitutu."

"Na mkebe wangu?"

"Ni kielelezo. Kesi ikiisha nitauleta mwenyewe."

"Na kile kitambaa?"

"Na kitambaa. Na vijiko vyote viwili."

Bathsheba alitazama kaburi jipya, udongo ukiwa bado unateremka pembeni. 

"Niletee kimoja tu," akasema.